Kahawa Isiyomwamsha Mtu

Daktari aliyenikataza kahawa alikuwa binti mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, na aliniamkia vizuri kabla ya kunihukumu. Nilikwenda kwake kwa sababu moyo ulikuwa unanienda mbio bila kukimbizwa na mtu. Nimekaa kwenye cherehani nashona suruali za shule, mara moyo unaruka, unanyamaza kidogo, halafu unarudi kwa kishindo kama abiria aliyesahau mzigo wake kwenye gari. Akanipima, akanisikiliza kifua mbele na nyuma, akasema hajaona ugonjwa wa kutisha. Kisha akauliza kuhusu kahawa.

Nikamwambia nakunywa kidogo. Mume wangu, ambaye nilimchukua anisindikize na si kutoa ushahidi, akakohoa. Daktari akamgeukia yeye. Naye mume wangu akaeleza vikombe vya asubuhi, vya saa nne, vya baada ya chakula, na kile ninachokunywa jioni ninapofunga kibanda, ambacho mimi nilikuwa sikihesabu kwa sababu nakinywa nimesimama.

"Mama, kahawa acha," daktari akasema. "Ukishindwa kabisa, tafuta ile iliyoondolewa kafeini."

Nikamuuliza kama hiyo nayo ni tamu. Akasema hajui, yeye hanywi kahawa, anakunywa soda.

Ni vigumu kumweleza mtu wa soda. Mimi nilizaliwa Korogwe, kwenye kambi ya mkonge, katika safu ya nyumba ambazo kila moja ilitoka upande wake wa nchi. Babu yangu alikuja kukata mkonge akitegemea kurudi kwao, hakurudi. Baba alifanya kazi kwenye korona, ile mashine inayochana majani ya mkonge yabaki nyuzi, na zamu yake ilianza jua likiwa halijafikiria kutoka. Kabla ya kwenda alikunywa kahawa ya tangawizi, na chini ya kikombe aliniachia tone langu. Mama alisema mtoto anayekunywa kahawa harefuki. Ni kweli sikurefuka, lakini na kaka zangu waliokunywa uji ni wafupi vilevile.

Nilipoolewa na kuhamia Handeni, kahawa nikaikuta inanisubiri. Kibanda changu cha kushonea kiko karibu na soko, na kila asubuhi hupita mzee mmoja wa Kizigua mwenye kanzu na birika juu ya jiko la mkaa, akigonganisha vikombe vyake mkononi kama anayepiga kinanda. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuniuliza kama nataka. Alikuwa anamimina tu. Siku niliyotoka hospitali nikamwambia, shikamoo mzee, mimi nimepumzika kahawa kidogo. Akanitazama kama niliyemwambia nimebadili kabila. Akauliza kama kuna siku alinikosea. Nikasema hapana, ni moyo. Akajibu kwamba moyo wake yeye una umri mara moja na nusu ya wangu na unakunywa birika zima. Baada ya hapo akawa anasimama mbele ya kibanda changu na kugonga vikombe kwa muda mrefu kuliko kwa jirani, nami ninainamisha kichwa kwenye sindano.

Kichwa kiliniuma wiki ile mpaka nikaona cherehani mbili. Nilimshonea karani mmoja shati, mkono wa kulia nikauweka kushoto. Mteja akiniuliza nguo yake imefika wapi, namjibu kama aliyenitukana. Nyumbani hali ilikuwa vilevile, na nadhani ndiyo sababu mume wangu alilichukua jambo hili mikononi mwake.

Lazima niseme kwamba mume wangu hakuwa mtu wa kahawa. Alikuwa mtu wa chai, tena chai ya maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Kahawa kwake ilikuwa dawa ambayo watu wameamua kuinywa bila kuumwa. Lakini anauza vipuri vya pikipiki, na mtu wa vipuri ana imani moja tu maishani: kila kitu kinapatikana, mradi ujue pa kuuliza, na mradi uweze kutofautisha orijino na feki. Alipokwenda Tanga kufuata mzigo, akarudi na kopo zuri la unga wa kahawa isiyo na kafeini, limefunikwa kwa karatasi ya fedha ambayo ukiitoboa inatoa pumzi. Akaliweka mezani, akavuta kiti, akakaa kuniangalia.

Ilikuwa kama maji yaliyopita karibu na kahawa bila kusimama. Nikaongeza unga, yakawa maji machungu. Nikatia tangawizi, nikapata maji ya tangawizi. Nikatia iliki, iliki nayo ikakaa peke yake pembeni, haina wa kuongea naye. Mume wangu akaonja, akasema yeye anaona ni kahawa kabisa, maana ni chungu. Nikamwambia hata dawa ya malaria ni chungu. Niliona limemwingia. Tangu siku ile akawa anaizungumzia kahawa yangu kama anavyozungumzia plagi na mnyororo: kwamba huko nje iko orijino, sisi tumeuziwa feki.

Habari zikafika Kerenge kwa wifi yangu, dada yake mume wangu, mwanamke mwenye jibu la kila tatizo na shamba la kulithibitisha. Alikuja mwenyewe na fundo la kanga. Ndani mlikuwa na mbegu za bamia, amezikausha, amezikaanga mpaka zikawa nyeusi, amezitwanga. Akasema bibi zao walikunywa hii na walikufa wazee sana. Akachemsha mwenyewe jikoni kwangu. Harufu, sikatai, ilikuwa nzuri, na kwa dakika moja nilipata matumaini. Ladha ilikuwa ya mchuzi uliosahaulika motoni. Lakini wifi ni wifi, na alikuwa ametoka mbali. Nikamaliza kikombe, na kwa adabu nikaomba cha pili. Hilo lilikuwa kosa, kwa sababu safari iliyofuata alikuja na fundo kubwa zaidi.

Mzee wa kahawa yote haya alikuwa anayasikia sokoni. Siku moja akatua jiko lake mbele ya kibanda, akaniomba nimweleze vizuri hiyo kahawa ninayoitafuta ni kitu gani. Nikamwambia ni kahawa ya kweli, buni ya kweli, ila imeondolewa kile kitu kinachomfanya mtu akeshe. Akafikiri, akasema kumbe ni kahawa maksai. Jirani yangu anayeuza ndala akacheka mpaka akashika ukuta. Mzee hakucheka.

"Fundi," akasema, "dume ukilihasi linabaki na kazi ya kulima. Hiyo yako inabaki na kazi gani?"

Jina likabaki, na mpaka leo pale sokoni wakitaka kuniuliza kuhusu kahawa yangu wanauliza habari za maksai.

Aliyetuelekeza Vugiri, juu kwenye milima ya Washambaa, alikuwa dereva mmoja wa bodaboda, mteja wa mume wangu, aliyekuja kununua klachi. Alisema huko juu kuna mama ana vyumba vya wageni, wale wanaokuja kutembea msituni na kutazama ndege, na miongoni mwa wageni hao wamo wasiotaka kafeini lakini wanataka kahawa. Mama huyo anawapikia yake, na wanaisifia. Mume wangu alifunga duka mapema akaja kunieleza kibandani, na akasema Jumamosi tunakwenda. Nikamuuliza, tupande mlima kwa ajili ya kikombe? Akasema amewahi kupanda mlima kwa mambo madogo kuliko hilo. Sikumbishia, kwa sababu mama yake alikuwa Mshambaa na nilijua sehemu ya hamu ile si ya kahawa.

Tuliondoka Handeni kwa basi dogo, tukashuka Korogwe, na kutoka hapo tukachukua pikipiki mbili. Nilikuwa nimekataa kubeba sweta, maana Handeni siku hiyo hata mbuzi walikuwa wamejificha chini ya matela. Barabara ilipoanza kupinda na chai kuanza kuonekana pembeni, baridi ikaniingia kwenye mifupa, na bodaboda aliyenibeba akawa anazungumza na simu akikata kona. Nilimshika kiunoni kama mtoto. Tulipofika juu mume wangu akafungua begi lake, akatoa sweta langu, akanivika bila kusema neno. Hilo nililiona ni la kuudhi zaidi kuliko kama angesema.

Mama mwenyewe alikuwa amenizidi umri, amevaa gambuti na kitambaa cha kichwa, na zamani alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni ya shamba la chai. Tulimwamkia, akatuitikia kwa Kishambaa, mume wangu akajibu kwa Kishambaa, na kwa muda wakanisahau kabisa. Nilipokumbukwa tayari tulikuwa jikoni, karibu na moto, na mume wangu ameshaeleza kisa changu chote, na moyo wangu, na bamia za dada yake.

Akatuonyesha buni zake. Binti yake anafanya kazi mahali wanapokaanga kahawa huko Moshi, na ndiye humpelekea hizi zikiwa mbichi. Nimezoea kuona buni mbichi za kijani. Hizi zilikuwa na rangi ya kahawia iliyofifia, kama maharage yaliyolowekwa yakasahaulika. Akaeleza kwamba zimekwisha kuoshwa huko zilikopita mpaka ile kafeini ikatoka, na ndiyo maana wengi wanaziharibu: wanazikaanga kwa macho. Hizi tayari ni za kahawia, zinakuwa nyeusi haraka, mtu anadhani zimeiva kumbe ndani ni mbichi, au anangoja mlio mkubwa wa kupasuka ambao hauji, zinaungua. Yeye anakaanga kwa pua. Akainamia kikaango, akakoroga na mwiko, akanifanya na mimi niiname mpaka macho yakatoka machozi, na harufu ilipogeuka kutoka ya majani makavu kuwa ya mkate, akaniambia hapo. Akaziepua, akazipeta, akazitwanga. Maji akayakinga kwenye bomba linaloteremka kutoka mlimani. Akaweka unga mwingi kuliko nilivyotegemea, na iliki moja tu, kutoka kwenye miche iliyo nyuma ya nyumba.

Nikanywa kikombe cha kwanza. Ilikuwa na uchungu ulioingia polepole, halafu nyuma yake kitu kama utamu wa muwa uliochomwa. Ilikuwa nzito, ilikuwa na mwili. Ilikuwa kahawa. Nikanyoosha kikombe, akamimina cha pili.

Katikati ya kikombe cha pili nikapata wazo baya. Hii ni nzuri mno. Huyu mama ametupikia kahawa ya kawaida, ama kwa kukosea, ama kwa kuwahurumia watu waliotoka mbali. Na mara nilipoliwaza hilo, moyo ukaanza. Nikauweka mkono kifuani, nikamwambia mume wangu kwamba ninakufa, tena kwa sauti ya chini, nisimvunjie heshima mwenye nyumba. Mume wangu akanishika kifundo cha mkono na kusikiliza kwa uso ule anaosikilizia injini. Kisha akamtazama mama yule, akamuuliza kwa upole kama kweli ile ni orijino.

Mama hakukasirika. Akaniuliza nimefikaje. Nikasema kwa pikipiki.

"Na njiani moyo haukwenda mbio?"

Nikasema ulikwenda sana, yule kijana alikuwa anazungumza na simu.

"Basi umekuja nao," akasema. "Kaa hapo kwenye benchi, usubiri."

Nikakaa. Nje ukungu ulikuwa umeteremka mpaka kwenye migomba, na ndani moto ulikuwa unanguruma. Wao wawili wakaendelea na Kishambaa chao. Ninachokumbuka baada ya hapo ni mume wangu akinitikisa bega na kusema pikipiki zimekuja. Nilikuwa nimelala, tena usingizi wa mdomo wazi, baada ya vikombe viwili. Mimi ambaye kikombe kimoja tu cha mzee wa kahawa hunitosha kushona sare za darasa zima. Mama yule alikuwa anafunga buni mbichi kwenye mfuko, na mgongo wake ulikuwa unacheka.

Ningependa kusema kwamba hadithi iliishia hapo. Tulirudi Handeni na mfuko wetu, na kesho yake nikakaanga kwa pua kama nilivyofundishwa. Harufu ikawaleta majirani mpaka ukutani. Nikatwanga, nikachemsha, nikaweka iliki moja. Nikanywa, na ilikuwa mbaya. Siyo mbaya ya kopo la Tanga. Ilikuwa mbaya yenye kelele, uchungu mkavu ulionishika ulimi, na juu yake kitu cha chumvichumvi. Nikakaanga tena kwa muda mrefu kidogo, nikakaanga tena kwa muda mfupi kidogo. Nikabadilisha sufuria. Nikaanza kumshuku yule mama, kwamba mfuko aliotupa si ule aliotupikia, na mume wangu naye akalitaja neno lake la feki, ingawa kwa huzuni, maana alikuwa ameshampenda kama shangazi.

Siku ya tatu ya majaribio alionja na yeye. Alikaa nayo mdomoni, akameza, akaitazama ndani ya kikombe.

"Hii ni chai yangu," akasema.

Nikadhani amechoka. Akaeleza kwamba ladha ile ya mwisho, ile ya chumvi inayokaa kwenye meno, anaijua. Iko katika kila kikombe cha chai alichokunywa tangu tuhamie Handeni. Alikuwa ananiambia miaka yote kwamba chai yetu haiwi kama ya kwao, na mimi nikawa namwambia anamkumbuka mama yake. Na sukari ile ya kusimamisha kijiko, akasema, alikuwa anaiweka kufukuza chumvi. Ni maji, mama watoto. Maji ya kisima.

Tukatazamana. Maji yetu ni ya kisima kirefu, yana chumvi, kila mtu Handeni anajua, na kila mtu amezoea mpaka amesahau kwamba anajua. Kahawa ya mzee wa sokoni imechomwa sana na kujazwa tangawizi, inaweza kupigana na maji yoyote. Hii ya Vugiri haikuwa na ugomvi wa namna hiyo.

Wiki iliyofuata alikuwa na safari ya Korogwe kufuata matairi. Akapitiliza mpaka mlimani, akarudi jioni akiwa na dumu la maji. Alisema ndani ya basi walimuuliza kama ni maji ya mganga au ya maombi, akajibu ni ya kahawa ya mke wake, na hakuna aliyemwamini. Mama mmoja wa kiti cha mbele alimwomba funda moja, kwa usalama tu, akampa.

Tukachemsha jioni ileile. Nilijua kabla ya kunywa, kwa harufu ya mvuke. Ilikuwa ile ile ya kwenye benchi, na mume wangu naye alikunywa kikombe kizima bila sukari, akakishika kikombe kitupu kwa mikono miwili kama mtu aliyepokea barua ya kwao. Kwa kutenda haki nikachukua maji kidogo ya dumu nikakoroga na lile kopo la Tanga. Likabaki vilevile. Hilo halikuwa na kisingizio.

Maji ya mlimani huwezi kuyabeba kila wiki, hata kwa mapenzi. Kwa hiyo tuliweka mifereji kwenye bati na tanki dogo, tukangoja mvua, na maji ya mvua yakafanya kazi ileile. Nikaanza kwenda kibandani na chupa yangu ya chai iliyojaa kahawa. Mzee wa kahawa aliiona siku ya kwanza tu. Alipita mara mbili bila kugonga vikombe, na mara ya tatu akatua jiko, akachukua kikombe chake mwenyewe, akakinyoosha kwangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kummiminia yeye. Jirani wa ndala akaacha mteja.

Akanywa nusu, akatema kidogo pembeni, akanywa iliyobaki. Akanyoosha tena. Baada ya cha pili akapangusa kikombe kwa pindo la kanzu.

"Ni kahawa," akasema. "Ila haina haraka."

Akachukua jiko lake akaenda zake. Tangu hapo hupita, tunasalimiana kama zamani, na siku nyingine akiwa amemaliza mzunguko wake hukaa kwenye kigoda changu akanywa kikombe cha mwisho cha siku kutoka kwenye chupa yangu, kwa sababu, anasema, mtu mzima naye anahitaji kulala.

Tatizo nililonalo sasa ni mume wangu. Chai ameiacha. Anakunywa kahawa yangu kuliko mimi, anaijadili na wateja wa vipuri, na ameanza kuniambia kwamba nakaanga kwa woga. Jumapili iliyopita alichukua mwiko mwenyewe, akasema leo anakaanga yeye, kwa pua, kama Mshambaa. Pua yake imevuta petroli na oili kwa miaka mingi na haisikii tena vizuri, lakini hilo sikumwambia. Nilikaa uani na kusubiri. Moshi ulipoanza kutoka dirishani akaniita, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama nadhani zimekaribia kuiva.